Nataka kuhamia gereji niishi na magari yangu. Kuna ubaya gani?

*"Nimepanga godauni dogo Vingunguti, mita 9 kwa 14, bati juu, geti moja la kusukuma. Ndani nina Land Rover Series III fupi ya petroli ninayoifufua taratibu tangu mwaka juzi, na Peugeot 504 niliyoishusha injini. Godauni nalilipia laki nne na nusu kwa mwezi, na chumba ninachoishi Tabata laki na nusu. Naona nalipa kodi mara mbili. Nimepanga kujenga kitanda cha juu kwa mbao, kama kighorofa juu ya benchi la kazi, nihamie humo. Mlinzi wa hapo analala kila siku na haumwi. Magari siyawashi mara kwa mara, paa liko juu, mtungi wa zimamoto ninao. Mwezi wa kumi na mbili mke wangu na mtoto wetu wa miaka miwili watatoka Iringa kuja kukaa nami. Kuna ubaya gani? Na kama upo, nifanye nini?"*

Ndugu yangu, sikucheki. Mtu anayefufua Land Rover ya zamani hutamani kuamka akiiona, na laki na nusu ya kila mwezi ni pesa ya kununua gasketi, bushi na rangi. Tena mimi mwenyewe nimelala gereji. Kabla sijaingia kazi hii ya kukagua usalama wa karakana nilikuwa saidia fundi Ilala, na tulikuwa watatu tunaolala kwenye viti vya nyuma vya basi dogo lililokuwa likisubiri injini. Msimu wa mvua umeme ukawa unakatika, tajiri akaogopa jenereta lake lisiibiwe, akaliingiza ndani, akaacha geti wazi kiasi cha kupitisha mkono. Wiki nzima tukawa tunaamka vichwa vinapasuka, tumbo linachafuka. Tukasema ni malaria, tukanunua dawa. Ajabu ni kwamba kila ilipofika saa nne asubuhi, tukiwa nje kwenye jua, tunapona. Aliyetushtua ni dereva mmoja mzee aliyeuliza mbona paka wa gereji siku hizi analala nje kwenye mvua. Haikuwa malaria, ilikuwa hewa chafu ya jenereta.

Kwa hiyo swali lako nalichukua hivi: si kama mtu anaweza kuishi jirani na magari, maana wengi wanaishi. Swali ni utalala wapi, utavuta hewa ya nani, na mambo yakiharibika saa nane usiku utatokea wapi. Mpango ulioniandikia unajibu vibaya yote matatu. Lakini ndani ya barua yako umeniandikia pia jibu lake bila kujua, nami nitalirudia: ni yule mlinzi.

Kwanza tuyaondoe mambo manne uliyoyashika kama kinga.

La kwanza, paa kuwa juu. Umefikiri kwamba harufu na gesi hupanda na kuishia kwenye bati. Moshi hufanya hivyo, lakini mvuke wa petroli haufanyi. Ni mzito kuliko hewa mara tatu hadi nne, kwa hiyo hutelemka, hutambaa sakafuni kama maji yaliyomwagika, hujaa kwenye shimo la gereji kama unalo, hupita chini ya mlango. Gesi ya kupikia nayo ni nzito vilevile. Urefu wa paa lako haukusaidii kitu kwa hizo mbili.

La pili, kwamba magari hayawashwi. Gari la petroli la zamani linapumua hata likiwa limezimwa. Land Rover fupi ina tangi chini ya kiti cha mbele, na magari ya rika hilo hayana ile mitungi ya mkaa iliyowekwa kwenye magari ya baadaye kunasa mvuke. Saa saba mchana bati lako linaunguza, hewa ndani ya tangi inatanuka, mvuke unatoka kwenye kifuniko. Usiku kunapoa, tangi linavuta hewa ndani. Kesho tena. Ongeza kabureta inayokauka, mpira wa mafuta uliochanika kidogo, na lile dumu la lita tano ulilonyonyea mafuta kutoka kwenye Peugeot. Simama hapo saa tisa alasiri baada ya geti kufungwa kutwa, piga magoti, nusa sentimita kumi kutoka sakafuni, kisha simama wima unuse tena. Utaelewa ninachosema.

Na petroli haihitaji joto ili itoe mvuke wa kuwaka. Hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri bado inatoa wa kutosha, sembuse Dar. Kinachosubiriwa ni cheche tu: friji dogo linapojiwasha lenyewe usiku, swichi ya feni, grainda, jiko la gesi uliloliweka sakafuni kuchemshia chai. Watu huniuliza kuhusu dawa ya mbu ya kuchoma. Ile yenyewe ikifuka taratibu si rahisi kuwasha mvuke wa petroli, ila huanguka kwenye godoro au chandarua ikaunguza. Cha kuogopa zaidi ni kiberiti ulichoiwashia, kwa sababu unakiwasha umechuchumaa, mkono ukiwa palepale mvuke ulipotulia.

La tatu hukulisema wazi, lakini kila anayelala gereji hulisema: nikisikia harufu nitaamka. Huamki. Ukishalala, pua haikuamshi, na hata ukiwa macho pua huzoea harufu ndani ya dakika chache ikaacha kukuarifu. Ndiyo maana mgeni akiingia gereji anakunja uso wakati wewe husikii kitu. Na kaboni monoksidi, hewa inayotoka kwenye injini, jenereta na jiko la mkaa, haina harufu wala rangi kabisa. Ukiivuta, inashikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, ikakaa kwenye kiti cha oksijeni na kukataa kushuka. Damu inazunguka, lakini haijabeba kitu. Unaanza na kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, miguu mizito, kisha usingizi mtamu.

La nne, mtungi. Mtungi ni wa mtu aliye macho, amesimama, na ana mlango nyuma yake. Weka wa poda kavu, kilo 6 au 9, na uutundike karibu na mlango wa kutokea, si kwenye benchi la kazi mwisho wa godauni ambako moto utakuwa umekutangulia. Angalia mshale wa kipimo kama bado uko kwenye kijani. Halafu jua kwamba una sekunde chache tu za poda. Moto wa petroli ukishashika upande mmoja wa gari, kazi yako ni kutoka na kupiga 114, namba ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji.

Sasa kitanda chako cha juu. Hapa nitasema bila kuzunguka: usikijenge. Umekichagua kwa sababu juu kuna nafasi na unadhani kuna hewa. Moto ukitokea, moshi hupanda, hugonga bati, husambaa chini ya bati kama maji yaliyopinduliwa, kisha hushuka ukijaza jengo kutoka juu. Wewe uliyelala mita tatu juu utaupata kabla ya mtu aliyelala sakafuni hajaanza kukohoa. Ili utoke itabidi ushuke ngazi gizani, kuelekea kwenye moto wenyewe, ukapapase kufuli la geti moja ambalo umelifunga kwa ndani kuzuia wezi. Mwaka 2016, tarehe 2 Desemba, mjini Oakland, California, moto ulizuka kwenye jengo lililoruhusiwa kuwa ghala, lakini wasanii walikuwa wamelifanya makazi. Watu 36 walikufa, wengi wao walikuwa ghorofa ya juu, na ngazi mojawapo ilikuwa imeundwa kwa mapaleti ya mbao. Kila ninapomwona kijana anapima mbao za kighorofa ndani ya karakana nalikumbuka jengo lile.

Turudi kwa mlinzi. Umesema analala kila siku na haumwi. Sijafika hapo, lakini nimezunguka magodauni ya kutosha kukuuliza: analala wapi? Nina hakika halali ndani kati ya magari. Yuko kwenye kibanda chake cha tofali karibu na geti la uzio, chenye mlango wake unaofungukia uwanjani, upepo unapita, na hakuna kitu chenye petroli ndani. Mlinzi anaishi kwenye eneo la godauni, haishi kwenye hewa ya godauni. Wewe fanya kama yeye.

Kama mwenye eneo atakubali, kilicho bora ni chumba kidogo nje, kwenye kona ya uwanja. Kama uwanja hauna nafasi, kipo kinachokubalika kwa mtu mzima mmoja: chumba cha kona ndani ya godauni, mita 3 kwa 4, ambacho kimejitenga kwelikweli. Kuta mbili tayari ni za jengo, unaongeza mbili. Kwa kimo cha mita 2.7 hazizidi tofali kama 200 za inchi sita. Piga plasta pande zote mbili. Usitumie plaiwudi wala mbao za kontena, maana hizo ni kuni zilizosimama.

Kosa ninalolikuta karibu kila mahali liko juu ya ukuta. Fundi anajenga hadi kimo cha mlango na kidogo zaidi, anaacha, juu kunabaki wazi hadi kwenye bati "ili hewa ipite". Hewa inapita kweli, na moshi nao unapita, na mafusho ya rangi pia. Chumba lazima kiwe na kifuniko chake: zege jembamba ukiweza, la sivyo dari ya jipsamu iliyozibwa vizuri kwenye kingo. Hewa yako ya kuvuta itoke dirishani, nje.

Mlango utoboe kwenye ukuta wa nje wa godauni, ufungukie uani. Hili ndilo linalogharimu na ndilo watu wanalokwepa, lakini bila hilo umejenga kabati la kulalia. Kusiwe na mlango wa kuingia karakana kutoka chumbani. Zunguka nje, hatua ishirini hazitakuua. Kizingiti kiinue sentimita 15 ili kinachotambaa sakafuni kisiingie. Dirisha nalo liwe njia ya pili ya kutokea. Najua Dar bila nondo hulali, basi weka nondo zenye bawaba zinazofunguka kwa ndani, ufunguo uning'inie kwenye msumari palepale, mahali ambapo mkono unafika gizani lakini mkono wa kibaka kutoka nje haufiki.

Umeme wa chumba uwe na sakiti breka yake, ili usiku uzime karakana nzima na wewe ubaki na taa na feni. Ukitoka kazini toa kichwa cha hasi kwenye betri za magari. Habari ya hidrojeni, ile gesi ya kuwaka inayotoka kwenye betri inayochajiwa, watu huikuza kupita kiasi: betri moja kwenye jengo la ukubwa wako haitajaza paa. Hatari iko palepale juu ya betri, ukiinamia na cheche ikaruka, betri inalipuka na asidi inakurukia usoni. Kwa hiyo zima chaja kwanza ndipo utoe vibanio, na usichaji usiku umelala. Petroli ikae kwenye dumu la chuma lenye mfuniko unaobana, nje, kivulini, mbali na chumba. Jenereta likae nje, mita 6 au zaidi kutoka dirisha lolote, na kama unaogopa wezi lifunge kwa mnyororo kwenye nguzo ya zege. Kengele ya kaboni monoksidi inayotumia betri ukiipata inunue, iweke karibu na kitanda. Ni bei ya spea moja ya Peugeot.

Rangi inastahili maneno yake. Series III yako siku moja itataka kupakwa, na wengi siku hizi hupaka rangi ya 2K, ile inayochanganywa na hadina, dawa ya kuikaza. Ndani ya hadina mna isosayaneti, kemikali ambayo inaweza kuufundisha mwili kuikataa. Unaweza kupaka magari kumi bila shida, la kumi na moja likakuletea pumu, na baada ya hapo hata harufu ndogo kutoka kwa jirani inakubana kifua. Mara nyingi kikohozi na kubanwa huja saa kadhaa baadaye, usiku, kwa hiyo mtu hahusishi na kazi. Barakoa ya kitambaa haifanyi lolote hapo. Wanaofanya vizuri huvaa kofia inayoletewa hewa safi kwa mpira. Ushauri wangu ni kwamba gari likifika hatua hiyo lipeleke kwa mwenye chumba cha kupulizia, ulipe. Ukipulizia unapolala, mwili wako hautapata saa nane za kupumzika. Na kwa breki za zamani, usipige vumbi la drami kwa upepo wa kompresa: lainingi za zama zile nyingi zilikuwa na asbesto. Lowesha, futa kwa kitambaa chenye maji, tupa.

Sasa mke na mtoto. Wewe mwenyewe naweza kukupa masharti ukayafuata. Mtoto wa miaka miwili hashiki masharti, anashika kila kitu na kukipeleka mdomoni. Rejeta za zamani zimeunganishwa kwa madini ya risasi, betri ni risasi, rangi ya zamani unayoikwangua huwa na risasi. Vumbi lake linakuja chumbani kwenye ovaroli na viatu vyako, na kwa mtoto hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama. Risasi huathiri ubongo unaokua. Maji ya rejeta yenye kemikali ya kuzuia kuganda ni matamu, na yanaua. Petroli au tina ya kuyeyushia rangi kwenye chupa ya soda, jambo ambalo kila fundi hulifanya, ndiyo njia ya haraka kuliko zote ya kumdhuru. Likitokea, usimtapishe na usimpe maziwa, kimbilia hospitali na chupa yenyewe mkononi. Mimi nasema familia isikae humo hata kama chumba umekijenga kama nilivyoeleza. Mwezi wa kumi na mbili wapokee Tabata.

Tukipiga hesabu hivyo, huenda laki na nusu unayoiona inapotea ndiyo ya bei nafuu. Wengi waliohamia godauni hawakuhesabu pia mambo ya karatasi. Angalia mkataba wako wa pango umeandika matumizi gani. Kiwanja kina matumizi yaliyopangwa, na kubadili biashara au viwanda kuwa makazi ni ombi linalopitia kwa ofisa mipango miji wa halmashauri, si makubaliano yako na mwenye godauni kwenye simu. Kama mwenye jengo ana bima ya moto, huenda aliitolea maelezo kwamba hakuna anayelala. Ukiungua moto na ikabainika kulikuwa na kitanda na jiko, bima ina sababu ya kukataa kulipa, na yeye atakugeukia wewe. Mwambie, na akikubali aandike. Akisema "we kaa tu, tutaona", hiyo si ruhusa.

Kuna njia ya tatu ambayo hukuitaja: tafuta chumba kimoja cha kupanga hapohapo Vingunguti, dakika tano kwa miguu, uachane na Tabata. Unaokoa nauli na muda, unafanya kazi hadi saa nne usiku kama unavyotaka, kisha unafunga geti na kwenda kulala kwenye hewa nyingine. Ningekuwa wewe, mwenye mtoto, ningefanya hivyo kabla sijanunua tofali moja.

Ukiamua kujenga, usimalizie kwenye maandishi yangu. Nenda kituo cha zimamoto uombe wakaguzi waje kuona kabla hujapiga plasta. Kurekebisha kosa wakati tofali bado mbichi ni rahisi. Nyaya zikaguliwe na fundi umeme mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, si rafiki anayejua kuunga. Na kama tayari umeshaanza kulala humo, kama ninavyoshuku kutokana na ulivyojua kwamba mlinzi analala kila siku, jiangalie. Kichwa kinachouma ukiamka na kupona ukitoka nje, bila homa, si malaria mpaka kipimo kiseme hivyo. Toka, kaa kwenye hewa, nenda hospitali asubuhi hiyohiyo, na mwambie daktari kwa maneno haya: nimelala kwenye moshi wa injini au mkaa. Lazima umwambie, kwa sababu kile kifaa cha kubana kidole kinaweza kuonyesha oksijeni iko sawa wakati damu imejaa kaboni monoksidi. Kifua kikibana siku za kupaka rangi, usisubiri kipite, nenda ukapimwe mapafu. Na mtoto akiwa ameshatembelea hapo mara nyingi, uliza hospitali kubwa kipimo cha risasi kwenye damu.

Ya Peugeot hukuniuliza, lakini kwa kuwa imeshashushwa injini: kausha tangi lake kabisa, lishushe, litoe nje. Hiyo unaweza kuifanya leo jioni, kukiwa bado na mwanga, geti likiwa wazi.